Mlezi wa Watoto Sita

Mama Mlezi hakuwahi kukutazama moja kwa moja ukiwa unaongea naye. Alisimama mlangoni, akakupa bega, na sikio la kushoto akaligeuzia chumba walimokuwa watoto. Siku za mwanzo nilidhani ananidharau kwa kuwa nilikuwa kijana na nimevaa viatu vya ofisi. Baadaye nikajua kwamba alikuwa anasikiliza. Ukiwa katikati ya neno, angeinua kidole, angeingia ndani na kutoka amemshika mtoto mwenye kifungo mdomoni, au kipande cha mkaa, na mara moja mguu wa mende.

"Akilia, maliza kwanza kazi yako," alituambia sisi wazazi. "Akinyamaza, kimbia."

Nyumba yake ilikuwa Bunia, mtaa wa Nyakasanza, nyumba ya udongo yenye mabati yaliyoshika kutu. Hapo ndipo wanawake wa soko walipoacha watoto wao asubuhi: muuza sombe, yale majani ya muhogo, muuza samaki wa Kasenyi, fundi cherehani, muuguzi mmoja, wengine wachache, na mimi. Nilikuwa nimetoka Butembo na mume wangu aliyepakia bidhaa kwenye malori ya njia ya Nia-Nia, akawa anaonekana nyumbani kama mgeni. Sikuwa na mama wala dada mjini. Nilikuwa na binti mmoja, Furaha, mwenye miaka miwili, na kazi katika ofisi iliyoshughulika na mambo ya akina mama na watoto.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, tangu zamani. Mlango ukifungwa kwa upepo, moyo wangu unashtuka kabla ya masikio. Kwa hiyo nilimpenda Mama Mlezi, kwa sababu alikuwa na wasiwasi kunizidi, ila wa kwake ulikuwa na kazi ya kufanya.

Kwa mfano, jambo la vikwembe, vile vitenge vya kujifunga. Siku ya kwanza ya kumpokea mtoto alikata pembe ya kikwembe cha mama yake, akaipasua vipande viwili. Kimoja alimfunga mtoto mkononi, kingine alikupa wewe. Jioni, anayekuja kumchukua mtoto lazima aje na kipande chake, vifanane. Hata kama ni wewe mwenyewe uliyemleta asubuhi. Siku moja mume wangu alirudi kutoka safari, amejaa vumbi jekundu mpaka kope, akasema atanifurahisha, atakwenda yeye kumchukua Furaha. Nilimkuta saa moja baadaye amesimama nje ya ua wa Mama Mlezi, anafoka.

"Mutoto ni wangu! Angalia pua yake, angalia yangu!"

"Mapua kama hiyo iko mingi kwa soko," Mama Mlezi alimjibu kutoka dirishani. "Sikukatae, baba. Kipande iko wapi?"

Alikuwa anamjua vizuri. Alikwisha kumpikia chai mara mbili. Mume wangu hakumsamehe, na mimi usiku ule nililala usingizi mzuri kuliko wakati wowote tangu tufike Bunia.

Hakuwadanganya watoto. Wanawake wengine, mtoto akililia mama yake, humwambia "anakuja sasa hivi", saa mbili zikapita na hakuna anayekuja. Mama Mlezi alimshika mtoto mabega akamwambia, "Mama iko soko. Anauzisha sombe. Sombe haijaisha. Atakuja kisha bugali." Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anaelezwa habari za biashara! Nami nimewaona kwa macho yangu, walilia kidogo, wakamtazama, wakanyamaza.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mtu mgumu. Alichemsha maji ya kunywa mpaka sufuria ikalalamika, kisha akavuta ugoro na kupiga chafya juu ya chakula. Alimkemea vikali mtoto mwenye uongo, naye mwenyewe aliwaambia majirani umri wake kwa namna tatu tofauti. Mama aliyechelewa alisemwa mbele ya wenzake bila kuachiwa nafasi ya kupumua, hasa akiwa mwenye mshahara. Mimi nilisemwa sana. Na huyu mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiogopa askari wala mkubwa yeyote, radi ikipiga aliwaingiza watoto wote chini ya kitanda naye akaingia nao, tukawa tunakuta miguu yake tu imebaki nje.

Katika watoto wale kulikuwa na mmoja asiyerudi kwao jioni. Aliitwa Bahati. Mama yake alikufa siku chache baada ya kumzaa, baba yake alikuwa anachimba dhahabu mbali, akija anakuja, asipokuja hakuna wa kumuuliza. Mama Mlezi alikuwa jirani tu wa marehemu. Alimchukua mtoto msibani, akiwa amefungwa katika taulo, na hakuna aliyemwambia amrudishe. Bahati aliishi kwa maziwa ya unga, na maziwa hayo yalitoka ofisini kwetu.

Sasa nieleze habari ya ofisi, maana ndiyo inayonikosesha raha mpaka leo.

Mwanzoni kila mlezi aliyeandikishwa alipata sawa kila mwezi: makopo ya maziwa, sabuni, unga wa mahindi. Kisha mkuu wetu akaja na wazo. Alikuwa mtu mwenye nia nzuri, hilo nitalisema siku zote, daima katika abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, akituita "citoyenne", yaani raia, hata akiwa amekasirika.

"Citoyenne, tukipatia kila mutu sawasawa, nani atafanya bidii?" aliniuliza. "Tupatie nyumba nzuri. Nyumba mubaya itaona, itakazana nayo ikuwe nzuri."

Nilikubali kwa moyo wote. Nani asiyetaka watoto walelewe mahali pazuri? Tukatengeneza karatasi ya ukaguzi, tukaiita fishi. Pointi ishirini. Sakafu ya saruji, pointi mbili. Ya udongo, hakuna. Watoto sita au chini, pointi tatu, wakizidi, hakuna. Choo cha nyumba yenyewe, maji yaliyochemshwa, mkeka wa kila mtoto, na mengine ya namna hiyo. Mwisho kabisa, maoni ya mkaguzi, pointi tatu. Nyumba ikifika kumi na mbili inapata vyote. Chini ya hapo haipati kitu, inangoja ukaguzi mwingine baada ya miezi mitatu. Sehemu ya watoto sita niliipendekeza mimi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mikono miwili haitoshi zaidi ya hapo, na ni kweli haitoshi.

Siku ya ukaguzi ilitangazwa mapema, ili walezi tuwakute nyumbani. Kwa hiyo walezi wote wa Bunia walijua la kufanya: watoto wa ziada walipelekwa kwa jirani asubuhi ile, wakarudishwa jioni. Sisi wakaguzi tulisikia vilio upande wa pili wa ua, tukaandika sita. Wote isipokuwa Mama Mlezi. Yeye hakuuliza mtu. Aliamini kwamba ofisi inataka kujua ni nani anayeaminiwa na wazazi, na mtu anayeaminiwa ataonekana kwa wingi wa watoto wake. Alikuwa na watoto tisa. Akaenda kwa majirani akaazima wawili zaidi.

Tulipoingia, mimi na mwenzangu wa ofisini, tuliwakuta kumi na mmoja wameketi kwenye mstari, wameogeshwa, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mama Mlezi alisimama pembeni amefunga kikwembe cha sikukuu.

"Hesabuni," alisema, na sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Nilimtazama nikitaka kumwashiria, lakini alikuwa ametugeuzia lile bega lake. Mwenzangu alihesabu kwa sauti. Nilijua wawili si wa pale. Nilijua pia kwamba tisa na kumi na moja kwenye fishi ni kitu kimoja. Kisha Furaha akatoka kwenye mstari, akanikimbilia akaning'ang'ania mguu akiita mama, na mwenzangu akaacha kuandika akanitazama.

"Kumbe mutoto yako iko hapa?" alisema.

Nilijumlisha nikiwa nimesimama uani. Sakafu ya udongo, hakuna. Idadi ya watoto, hakuna. Choo cha kushirikiana na jirani, kimepungua pointi moja. Mengine yote kamili, kamili, kamili. Jumla kumi na moja. Ilibaki ile sehemu ya mwisho, maoni yangu. Pointi moja ingetosha, na nilikuwa na tatu mkononi. Mwenzangu alikuwa anachungulia juu ya bega langu, na nilisikia tayari maneno ya ofisini, kwamba nimempa maziwa mlezi wa mtoto wangu. Nikaandika sifuri.

Kesho yake nilikwenda kumwambia. Alinisikiliza huku akimlisha Bahati.

"Onze," alirudia kwa Kifaransa ile kumi na moja. "Ilipunguka moja tu?"

"Moja, Mama."

"Na ile ya mwisho, yenye mutu anaandika mawazo yake. Ni nani aliandikaka?"

"Ni mimi."

Alimfuta Bahati mdomo. Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana. Aliuliza tu afanye nini. Nilimwambia saruji ni ghali, choo kitachukua muda, lakini akibaki na watoto sita atapata pointi tatu mara moja na maziwa yatarudi. Miezi mitatu. Aliangalia kopo lililobaki, akalitikisa karibu na sikio.

Ilibidi waondoke watatu. Nilidhani atawatoa watoto wa wale wanaolipa kwa kuchelewa. Aliwatoa watoto wenye pa kwenda. Muuguzi alikuwa na mdogo wake nyumbani, fundi cherehani angeweza kushona mtoto akiwa miguuni. Wa tatu alikuwa Furaha.

"Weye uko na mushahara, Mama Furaha," aliniambia. "Na unajuaka manyumba yote ya muji. Chagua moja muzuri."

Nilichagua. Ilikuwa nyumba ya saruji, karibu na njia kubwa, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeipa kumi na saba. Watoto sita, mikeka sita, vikombe sita vimepangwa juu ya meza. Mlezi wake alikuwa mwanamke mchangamfu, aliyenitazama usoni vizuri nilipokuwa naongea. Furaha alilia siku tatu, kisha akaacha. Nilijiambia amezoea.

Wakati huo Mama Mlezi alikuwa anamkorogea Bahati uji wa soya. Mmoja wa wale mama wa soko alimletea maziwa ya ng'ombe alipoweza. Nilipita pale mara kwa mara, nikiwa na kisingizio hiki au kile, na kila mara nilimtazama Bahati mikono. Sikutaka kuitazama lakini macho yalikwenda yenyewe. Mama Mlezi aliona, akawa anamfunika.

Siku moja mchana nilitumwa kupeleka barua, nikapita njia kubwa. Mlango wa nyumba ya saruji ulikuwa na kufuli kwa nje. Nilisimama. Hakukuwa na kilio. Hakukuwa na sauti yoyote. Nilikimbia kuzunguka nyumba, nikapanda dirishani kwa viatu vyangu vya ofisi, nikaona watoto watano wamelala sakafuni, na Furaha ameketi kwenye pembe na chupa ya mafuta ya taa kati ya miguu, mdomo unang'aa.

Sitaeleza njia ya kwenda hospitali. Alipumua vibaya siku nne, akapona, akabaki na kikohozi. Yule mlezi alikuwa amekwenda sokoni kuuza sabuni tuliyompa sisi. Alikuwa akifanya hivyo kila siku, majirani waliniambia, isipokuwa siku ya ukaguzi.

Kutoka hospitali sikwenda nyumbani. Nilikwenda Nyakasanza na Furaha mgongoni. Zilibaki wiki mbili ukaguzi, au visiti kama walezi walivyouita, urudi.

"Niko na batoto sita," Mama Mlezi alisema kabla sijafungua mdomo. Alikuwa amekwisha kusikia, habari za Bunia hazingoji mtu. "Weye mwenyewe uliniambia sita."

"Siku ya visiti utamupeleka kwa jirani, Mama. Kama wote banafanyaka."

"Na akigunduliwa? Ile maziwa si yangu. Ni ya huyu." Alikuwa na Bahati begani.

Nilijua ni ya nani. Nilijua kabisa ninachomwomba, na niliendelea kuomba. Nilipiga magoti, mimi mkaguzi, mbele ya wanawake wa soko waliokuja kuchukua watoto wao. Furaha alianza kukohoa. Mama Mlezi aligeuza lile sikio lake, akasikiliza kikohozi mpaka kikaisha, akampokea.

"Leta kikwembe," alisema.

Ukaguzi wa pili ulifanywa na mwenzangu peke yake. Mimi niliomba niachwe, nikakaa ofisini siku nzima nikipanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa. Jioni nilikwenda kumchukua Furaha. Nilimuuliza Mama Mlezi ilikwendaje.

"Balikuja, bakaandika, bakaenda," alisema.

Ningeweza kuuliza zaidi. Fishi yenyewe ilikuwa kwenye droo ya mwenzangu, hatua tatu kutoka mezani kwangu, haina hata ufunguo. Sikuifungua. Niliogopa nitakachokiona, na nilijiambia kwamba kama mambo yangekuwa mabaya angeniambia, mdomo ule usioacha mtu. Kabla ya mwezi kuisha nilihamishiwa Irumu. Nilipokwenda kumuaga alikuwa amembeba Bahati mgongoni, amefunikwa mpaka kichwani. Nilinyoosha mikono nimshike. Alisema amelala.

Irumu si mbali. Lori lilipita kila siku. Niliishi pale miaka, nikapata watoto wengine wawili, na kila aliyetoka Bunia nilimuuliza habari za soko, za mvua, za bei ya unga. Nyakasanza sikuitaja.

Tulikutana tena katikati ya miaka ya themanini, huko Kasenyi. Nilikuwa nimeshuka kununua samaki wa chumvi, asubuhi, na nilikuwa nimeinama juu ya mkeka wa muuzaji nikabishana naye bei kabla ya kumtazama uso. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja. Alikuwa ameacha kulea, alisema. Alikuwa anaishi na mtoto wa dada yake, anakausha samaki. Tuliongea habari za magoti yake. Tuliongea habari za mume wangu, akacheka kwamba mapua yale anayakumbuka. Mara mbili nilianza swali nikaishia kuuliza bei ya chumvi. Mara ya tatu likatoka.

"Mama, Bahati iko wapi?"

Aliendelea kugeuza samaki.

"Alikufa. Surua. Ile mwaka surua ilibeba batoto wengi kwa avenue yetu. Hata benye kukunywa maziwa."

Nilipumua. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilishusha mabega na nikapumua, kwa sababu surua haikuandikwa na mimi.

"Lakini alikuwa mwepesi sana," alisema. "Angekuwa na nyama kidogo, angepigana na ile homa."

"Maziwa haikurudi?"

"Ingerudi namna gani? Ile siku ya visiti Furaha alikataa kwa jirani. Alilia mpaka ile kikohozi yake ya petroli ikamukamata, akakosa pumzi. Jirani akamurudisha mbio. Nikamubeba mugongoni, akanyamaza. Yule bwana wa kwenu akaingia, akahesabu. Saba. Na kwa ile ya mawazo akaandika sifuri, kama weye."

Watu walikuwa wanapita na vikapu, wananisukuma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?" Alinitazama, moja kwa moja, usoni. "Ungemurudisha kwa saruji?"

Alichagua samaki niliyekuwa nikimbishania bei, akamfunga kwenye majani. Kisha akachukua mwingine, mkubwa, akamweka juu kama matabishi, nyongeza ya bure.

"Hii ni ya Furaha," alisema. "Angali anakohoaka?"

"Hapana, Mama. Aliacha."

"Basi ni vizuri," alisema, akamgeukia mteja mwingine.